Nyongeza ya shilingi 3,000: kisa cha mkahawa, maziwa ya oti na kijana wa mashine

Kisa hiki kimetoka kwenye mkahawa mmoja wa Dar es Salaam. Nimeondoa jina lake, mtaa na majina ya wahusika, na bei nimezizungusha kidogo asitambulike mtu, lakini uwiano wa hesabu umebaki vilevile. Niliitwa kupitia vitabu baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo yaliyotangulia nimeyapata kwa kuwauliza waliokuwepo na kwa kusoma risiti.

Hali ilivyokuwa

Ni mkahawa wa meza kumi na mbili, unafungwa Jumapili. Kwa siku unauza vinywaji vya maziwa kama 80: latte, kapuchino, na chai ya maziwa kidogo. Latte ilikuwa shilingi 7,000. Wateja ni mchanganyiko wa watu wa ofisi za jirani, wageni, na wakazi wanaokuja na kompyuta zao kukaa mpaka jioni.

Mwaka 2023 mwenye mkahawa aliongeza maziwa yasiyo ya ng'ombe. Alichukua aina tatu kwa mpigo: oti, lozi na soya. (Kuna wanaoandika "maziwa ya shayiri" wakimaanisha oti. Shayiri ni nafaka nyingine, na hata wauzaji wa stoo huwaletea watu kitu sicho kwa sababu ya jina hilo.) Paketi zote ni za kuagizwa nje, lita moja moja, kwa bei ya wastani ya shilingi 14,000. Maziwa ya ng'ombe alikuwa akiyapata kwa 3,000 kwa lita.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Kikombe kinakula mililita 200. Oti ya 200 ni shilingi 2,800, ya ng'ombe ni 600, tofauti ni 2,200. Akaweka nyongeza ya 3,000, akaona amejiachia 800 ya usumbufu. Kwa karatasi hakukosea.

Jambo moja alilifanya bila kulifikiria sana: nyongeza hiyo hakuiandika kwenye menyu. Mteja alikuwa anaiona kwenye risiti, mstari wa pili, chini ya latte: "nyongeza maziwa 3,000".

Kwa nini watu hunywa maziwa haya

Hapa nisimame kidogo, maana mwenye mkahawa alikuwa na dhana kwamba ni mambo ya wazungu na ya kupunguza mwili. Wapo wa hivyo. Lakini maziwa ya ng'ombe yana sukari iitwayo laktosi, na kuimeng'enya kunahitaji kimeng'enya ambacho karibu watoto wote huzaliwa nacho na watu wazima wengi hupungukiwa nacho wakikua. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Asiyekuwa nacho cha kutosha akinywa latte kubwa hupata gesi, tumbo kunguruma, na wengine kuhara.

Kwetu jambo hili lina historia yake. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukakuta mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa, tofauti na yale ya Ulaya, na yameenea zaidi kwa jamii za wafugaji. Yaani mezani Dar es Salaam wanaweza kukaa marafiki wawili, mmoja akanywa nusu lita asisikie kitu, mwenzake akahangaika usiku kucha kwa kikombe kimoja. Huyo wa pili mara nyingi anakunywa maziwa mgando bila taabu, kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya ile sukari.

Halafu kuna mzio (aleji) wa protini ya maziwa, ambao ni kitu kingine kabisa. Asiyemeng'enya laktosi hukosa raha, lakini mwenye mzio anaweza kubanwa pumzi na kufa. Kwa mtu wa kaunta wote wawili wanasikika sawa: "Naomba ya oti."

Mambo yalivyofuatana

Mwaka wa kwanza hakuna aliyelalamika kwa sauti. Mwishoni mwa 2024 kelele zikaanza. Novemba mwaka huo Starbucks, kampuni kubwa ya mikahawa, waliacha kutoza nyongeza hiyo kwenye maduka yao ya Marekani (Uingereza walishaacha tangu Januari 2022), baada ya miaka ya kusumbuliwa na wanaharakati na kesi iliyofunguliwa California mwaka huohuo wa 2024, walalamikaji wakidai kuwatoza zaidi wasioweza kunywa maziwa ni ubaguzi. Habari ikazunguka WhatsApp. Wateja wawili watatu wakaanza kumwambia msimamizi: "Hata Starbucks wameacha, nyie bado?"

Mwenye mkahawa alikasirika, na kwa sehemu alikuwa na haki. Kampuni ile inanunua kwa makontena na inamaliza paketi kila baada ya dakika chache. Yeye alikuwa anaona paketi zinamwagwa. Alichoona kwenye hesabu za mwezi ni kwamba maziwa haya yanakula pesa, ila hakujua kiasi. Basi Januari akatoa amri mbili. Ya kwanza: paketi mpya isifunguliwe baada ya saa kumi na moja jioni, isije ikalala wazi. Ya pili: kila paketi itakayomwagwa iandikwe kwenye daftari la hasara pamoja na jina la aliyeifungua, na ikizidi, akatwe.

Jumamosi moja ya Februari 2025, saa kumi na mbili jioni, akaja mama mmoja wa makamo, mteja wa muda mrefu. Akaagiza latte ya oti kama kawaida yake, akalipa 10,000. Kijana wa mashine, wa miaka ishirini na mbili, akafungua friji, akakuta paketi ya oti imebaki kijiko. Mpya zilikuwa stoo. Alinisimulia mwenyewe kwamba alisimama na mlango wa friji wazi mpaka mota ikaanza kulia. Kisha akachukua jagi, akatia ya ng'ombe, akachemsha, akachora jani juu yake vizuri kuliko siku zote.

Jumatatu asubuhi yule mama alirudi na risiti mkononi.

"Mwanangu, juzi uliniwekea maziwa gani?"

"Ya oti, mama."

"Mimi tumbo langu nalijua kuliko wewe. Nakuuliza tena, kwa upole."

Kijana akainamisha macho. Msimamizi akaingilia kati, akasema haiwezekani, mashine imeandika oti. Mama akasema mashine haikunywa. Akaweka risiti juu ya kaunta, akaondoka bila kuagiza kitu.

Mchana kijana akamfuata msimamizi stoo, akasema ukweli. Haikuwa mara moja. Alikumbuka nyingine nne tangu amri itoke, zote jioni. Akamwambia maneno haya: "Nikifungua naandikwa. Nikimwambia mteja hakuna, bosi anauliza kwa nini umefukuza mteja na paketi zipo."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa mwenye mkahawa ulikuwa kumfukuza kijana siku hiyohiyo. Msimamizi, dada ambaye amekaa pale tangu siku ya kwanza, ndiye aliyezuia. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ukimfukuza, atakayekuja atakuta friji ileile na daftari lilelile. Kijana akapewa onyo la maandishi, makato yote aliyokatwa akarudishiwa. Hilo la makato lingewaletea shida hata bila kisa hiki, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka masharti ya kukata mshahara wa mtu, na daftari la hasara halikuyafuata hata moja.

Pili, mwenye mkahawa alimpigia simu yule mama mwenyewe. Nilishauri hivyo na alisita, akihofia atashtakiwa. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi. Kumtoza mtu kwa kitu na kumpa kingine ni udanganyifu wa kibiashara, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inaukataza. Lakini swali la kwanza alilotakiwa kumuuliza halikuwa la sheria, lilikuwa: je, una mzio? Kama anao, kuna watu wengine wanne ambao hatujui hali zao. Kwa bahati yeye hakuwa nao, ilikuwa laktosi tu. Akaombwa radhi, akaambiwa kilichotokea bila kupindisha, akarudishiwa pesa yake, na akaahidiwa kahawa ya bure mwezi mzima. Kahawa ya bure aliikataa. "Sitaki cha bure," alisema, "nataka nikiambiwa oti iwe oti."

Tatu ndiyo iliyonileta mimi: kujua pesa inakwenda wapi. Hatukukadiria. Kwa wiki nne za Machi kila paketi tupu na kila iliyomwagwa iliwekwa kwenye ndoo moja, na kila jioni dada msimamizi aliihesabu na kulinganisha na risiti.

Vikombe vilivyouzwa: oti 44, lozi 12, soya 8. Jumla 64. Paketi zilizotumika: oti 11, lozi 6, soya 5. Jumla 22, yaani shilingi 308,000.

Gawanya: kila kikombe kilikula shilingi 4,812 za maziwa, wakati mwenye mkahawa aliamini ni 2,800. Nyongeza ilileta 192,000, na maziwa ya ng'ombe yaliyookolewa ni 38,400. Akawa anapoteza 77,600 kwa wiki nne kwenye kitu ambacho wateja walikuwa wanaamini kinamtajirisha. Na hapo sijagusa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya ile 3,000.

Upotevu ulikuwa na milango miwili. Lozi na soya zilifunguliwa kwa ajili ya kikombe kimoja au viwili, zikakaa wazi zaidi ya siku tano, zikamwagwa. Oti haikuharibika hata paketi moja, ila ilitoa vikombe vinne badala ya vitano, kwa sababu vijana walimimina kwa macho. Ukisimama karibu na mashine unaona: kikombe kimejaa, na chini ya jagi kimebaki kidole kimoja cha maziwa yaliyochemka, yanakwenda kwenye sinki. Ya ng'ombe nayo humwagwa hivyohivyo, lakini huko hayaumi.

Tukaweka njia mezani. Kupandisha nyongeza mpaka gharama halisi kungefikisha latte ya oti zaidi ya 11,000, mwenye mkahawa akacheka mwenyewe. Shemeji yake akaleta wazo la kutengeneza maziwa ya korosho, kwa kuwa korosho ni za kwetu na vipande vilivyovunjika havina bei kubwa. Wazo zuri, likajaribiwa wiki mbili. Korosho zikalowekwa usiku, zikasagwa, zikachujwa kwa kitambaa, zikatoka nyeupe na tamu. Kwenye kahawa baridi zilikubali. Kwenye espreso ya moto zikakatika: juu maji ya kahawia, chini madonge kama mtindi uliotikiswa. Asidi ya kahawa na joto vinagandisha protini, na paketi za kiwandani huwekewa kidhibiti cha asidi kuzuia hilo. Tui la nazi nalo likajaribiwa. Halikukatika, ila mafuta yalipanda juu, na mteja mmoja akauliza kama ni kahawa au mchuzi wa samaki.

Mwishowe, Aprili, wakaamua hivi. Lozi na soya zikaondoka, ikabaki oti peke yake. Jagi la oti likachorwa mstari kwenye mililita 200. Daftari la hasara likafungwa na amri ya saa kumi na moja ikafutwa. Paketi ikiisha, mpya inafunguliwa mbele ya mteja, hata kama zimebaki dakika tano kufunga. Nyongeza ikaondolewa, na vinywaji vyote vya maziwa vikapanda kwa shilingi 500. Menyu ikaandikwa wazi: maziwa ya ng'ombe au ya oti, bei moja.

Ile 500 haikuwa ya oti peke yake. Kwa hesabu ya vikombe 64 na paketi 13 (vikombe vitano kwa kila paketi), mzigo wa oti ukigawanywa kwa vinywaji vyote 1,920 vya wiki nne ni kama shilingi 75 kwa kikombe. Iliyobaki ilikuwa ya kahawa yenyewe. Februari hiyo bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia, na mchomaji wao alishawatumia bei mpya.

Matokeo

Wiki nne za kwanza vikombe vya oti vilikuwa 97. Kufikia Julai vilikuwa 140. Paketi zilizotumika Julai ni 29, moja ikiwa imeharibika friji ilipokatikiwa umeme usiku. Ukitoa maziwa ya ng'ombe yaliyookolewa, mzigo ulikuwa shilingi 322,000, kama 168 kwa kila kinywaji. Unabebeka ndani ya ile 500, ingawa sehemu iliyokusudiwa kahawa imepungua kuliko tulivyopanga.

Kuhusu bei mpya, walionung'unika ni wachache, na wote walikuwa wanywaji wa ng'ombe. Mmoja alisema waziwazi kwamba sasa yeye ndiye anayewalipia wa oti. Hakukosea, na dada msimamizi alimjibu kwamba ni kweli.

Yule mama alirudi Mei.

Uchambuzi

Wengi wakisikia kisa hiki wanarukia swali la haki: je, ni halali kumtoza zaidi mtu kwa sababu ya tumbo lake? Sidhani swali hilo peke yake linatufikisha popote. Kwa mama ntilie yeyote chai ya rangi na chai ya maziwa zina bei mbili, na sijawahi kuona mtu amegomba. Bei zote mbili zinajulikana kabla hujakaa. Kilichowakera wateja wa mkahawa huu ni mstari ule wa pili kwenye risiti, unaojitokeza baada ya kuagiza, unaosomeka kama faini. Kama tangu mwanzo menyu ingeandika "latte ya oti 10,000", nadhani nusu ya manung'uniko yasingekuwepo, na hasara ingeendelea vilevile bila mtu kujua.

Na hasara ndiyo iliyozaa udanganyifu. Huo ndio mnyororo ninaotaka msomaji aukamate. Aina tatu za maziwa kwa wateja watatu wa siku zilileta upotevu. Upotevu haukupimwa, kwa hiyo ulionekana kama uzembe wa wafanyakazi. Uzembe ukatungiwa amri. Amri ikamfikia mtu wa chini kabisa, jioni, peke yake mbele ya friji, akiwa na njia tatu ambazo mbili zinamletea makaripio na moja haina anayeiona. Simtetei, aliiuza afya ya mtu. Lakini bosi aliyeweka mtego ule hakuwa na habari kwamba ameuweka.

Kilichofanya kazi zaidi kwa maoni yangu ni ndoo. Kabla ya ndoo kila mtu pale alikuwa na maelezo yake, na yote yalikuwa na mantiki. Mstari kwenye jagi pia, ambao haukugharimu kitu, ndio uliorudisha kikombe cha tano kwenye kila paketi.

Uamuzi wa kuondoa nyongeza nausifu kwa kiasi. Ulikwenda pamoja na kupanda kwa bei ya kahawa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika wateja walipokea nini na kwa sababu gani. Ningepata nafasi tena ningetenganisha mambo hayo mawili kwa mwezi mmoja. Tena oti ikiwa bei moja na ng'ombe, inavuta hata wasioihitaji, na vikombe 140 vikifika 300 hesabu inabadilika. Tuliandika kwenye makubaliano kwamba mzigo ukizidi shilingi 250 kwa kinywaji, bei ijadiliwe upya.

Kosa langu mimi ni lozi na soya. Niliangalia paketi, sikuangalia watu. Mteja mmoja wa lozi alikuwa haruhusiwi ngano, na oti nyingi hugusana na ngano shambani au kiwandani isipokuwa paketi imeandikwa vinginevyo. Hatukumuuliza. Aliacha kuja, na tulijua sababu kupitia mwenzake wa ofisini. Sasa kuna paketi ndogo za lozi za mililita 250, ghali kwa lita lakini zinaisha kwa kikombe kimoja, na kwenye menyu pameandikwa zina lozi, kwa ajili ya wenye mzio wa lozi.

La upatikanaji bado. Agosti mwagizaji aliishiwa kwa siku kumi na moja. Asubuhi ya kwanza kijana wa mashine, yuleyule, alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene na kuibandika kwenye kioo cha kaunta kabla bosi hajafika: "Leo hakuna maziwa ya oti. Samahani." Siku hiyo waligeuka watu saba.